Dada Lebo na Jibu la Nyumba Namba 147

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1971, katika hospitali ileile ambako mama yake alikuwa dobi. Mama alipenda kusimulia kwamba uchungu ulimshika akiwa anakunja shuka, akalimaliza shuka lile, ndipo akavuka uwanja kwa miguu yake kwenda wodi ya wazazi. Marehemu akiisikia habari hiyo alikuwa akisema, "Ndiyo maana napenda kumaliza kazi kwanza." Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba mwashi, aliyetutoka mwaka 1999, na mama huyo dobi. Miaka minne baada yake alizaliwa mdogo wake wa pekee, wa kike, ambaye leo ni mshonaji. Mdogo huyo ndiye aliyeandika maneno haya, kwa ruhusa ya mume wa marehemu.

Wengi waliofika leo wanalijua neno lililosemwa juu ya marehemu kwa miaka minne: kwamba alitoka na ugonjwa maabara akampelekea mama yake mzazi. Neno hilo halitarukwa hapa. Litafikiwa mahali pake na kwa tarehe yake, kama mwenyewe angetaka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1978. Likizo zikifika, mama aliwachukua mabinti wote wawili kazini, maana nyumbani hapakuwa na wa kuwaangalia. Mdogo alikaa juu ya furushi la mashuka akiogopa mvuke wa mapipa. Mkubwa hakutulia. Alipindua ndoo, akasimama juu yake, akachungulia dirisha la maabara siku baada ya siku, hadi bwana wa maabara alipochoka kuiona pua ile kwenye kioo chake akamwita ndani. Akamwonyesha tone la maji ya dimbwi kwa darubini. Jioni ile alimwambia mdogo wake, "Kumbe majini kuna mtaa mzima, tena wana haraka kuliko sisi." Mdogo wake akakataa kunywa maji siku mbili.

Alimaliza sekondari mwaka 1988. Hesabu zilimwangusha, akarudia mtihani mwaka uliofuata huku akimsaidia mama kupiga pasi, akapita. Mwaka 1991 aliingia chuo cha mafunzo ya maabara, akahitimu stashahada Novemba 1993. Huko ndiko alikopata jina la Lebo. Siku moja mwalimu wake alitupa sampuli ishirini za damu zilizokosa majina, mbele ya darasa zima, akasema, "Hizi ni takataka, hata kama ndani yake mna maisha ya mtu." Neno lile lilimwingia. Toka hapo kila kitu alikibandika utepe wa karatasi na kukiandika. Nyumbani kwake sukari iliandikwa sukari, na maharage kwenye jokofu yalikuwa na tarehe na saa. Mchana mmoja mumewe alijilaza kwenye kochi, akaamka na utepe kifuani: "Mume. Kilo 81. Asiguswe kabla ya saa kumi."

Huyo mume alimpata kwa sababu ya jokofu. Aliajiriwa katika maabara ya hospitali Februari 1994, na mwaka 1996 jokofu la damu likaharibika. Fundi aliyeitwa alikuta dada amesimama kati yake na mlango, saa mkononi.

"Mlango huo nusu dakika tu, kaka, kisha funga."

"Dada, nimekuja kutengeneza au kufanya mtihani?"

"Vyote viwili. Na sekunde zinakwenda."

Fundi alirudi wiki iliyofuata kulikagua jokofu, na wiki iliyofuata tena, ingawa lilikuwa zima. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1998. Mungu akawajalia binti mwaka 2000 na kijana mwaka 2004. Shemeji amesema iandikwe hapa kwamba mtihani ule hajui hadi leo kama alipasi.

Mwaka 2003 marehemu alihamia maabara ya utafiti wa virusi, akafanya kazi hapo hadi mwisho. Kazi yake ilikuwa mapokezi ya sampuli. Kila kichupa kilichoingia kilipita mikononi mwake, kikapewa namba, kikawekwa kwenye majokofu ya nyuzi themanini chini ya sifuri. Wakubwa wake walisema penye mkono wa Lebo hapapotei kitu.

Gonjwa lile la dunia lilipofika mwaka 2020, maabara iliacha kazi nyingine zote. Marehemu alitoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni, uso una mistari ya barakoa. Viatu vya kazini havikuvuka kizingiti, vilikaa nje ndani ya ndoo iliyoandikwa "Viatu vya kazi. Usiguse." Majirani waliiona ile ndoo, na badala ya kuona uangalifu wakaona hatari. Mwanamke mmoja alikuwa akivuka barabara kila akipita langoni. Marehemu akasema, "Mwacheni avuke. Barabara ni pana."

Mwezi wa Mei walianza utafiti wa kujua kirusi kile kinapita vipi kati ya watu wa nyumba moja. Nyumba ikipata mgonjwa, wote walioingia humo walipimwa, na kirusi cha kila mmoja kikasomwa herufi zake. Marehemu alieleza hivi: kirusi nacho kina ukoo, kikitoka kwa mtu kwenda kwa mwingine, mara nyingine hubadili herufi moja, kwa hiyo ukiwapanga wagonjwa unaweza kuona nani ni ndugu wa nani. Nyumba zilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Ya mia moja arobaini na saba ilikuwa ya kwake.

Mama yetu, akiwa na miaka sabini na miwili, aliishi kwenye chumba cha uani kwa marehemu. Wiki zile ni mabinti zake wawili tu walioruhusiwa kuingia chumbani mwake. Alianza kuumwa Alhamisi, tarehe 9 Julai 2020. Kirusi kilikutwa kwake, kwa mdogo, na siku chache baadaye kwa marehemu pia. Wapimaji waliwaletea mabinti fomu za utafiti, na mwishoni palikuwa na swali: ungependa kuambiwa kirusi kilipita vipi nyumbani mwenu, ndiyo au hapana? Mdogo wake, ambaye huogopa hata kufungua barua, alitia alama kwenye hapana. Marehemu akamtazama.

"Una hakika?"

"Sitaki kujua mambo yenu ya vidudu. Nataka mama apone."

"Haya. Ukibadili mawazo, ukurasa wa pili unaeleza."

Mama alifariki Jumanne, tarehe 21 Julai. Alizikwa na watu kumi, ndio walioruhusiwa. Alivikwa gauni la bluu ambalo mdogo alikuwa amemshonea, pindo la chini halijamalizwa. Walipotoka makaburini mdogo alimwambia dada yake, mbele ya watu, "Ulikuwa na kitu kimoja tu cha kuacha mlangoni, ukaingia nacho kwa mama." Marehemu akasema, "Nimekusikia, mdogo wangu." Maneno yale yalitoka pale yakaenda mtaani, na mtaani hayakuhitaji kusukumwa.

Kwa miaka minne mdogo hakula chakula nyumbani kwa dada yake, wala hakuwaacha watoto wake walale kule. Marehemu hakuacha kuja. Alisimama langoni, akaita, akaacha alicholeta: kalamu zilizoandikwa "Za mtihani, si za nyumbani", dawa ya kikohozi yenye tarehe ya kuisha imezungushiwa wino mwekundu.

Septemba 2020 alifika kwenye karakana ya mdogo wake akiwa na mito ya pini kumi na miwili, ile ya kuchomekea pini na kuvaa mkononi, kwa ajili ya mdogo wake na washonaji kumi na mmoja. Aliishona mwenyewe, na mkono wake wa sindano ulikuwa mbaya. Mmoja ulikuwa na umbo la kiazi. Washonaji wakacheka. "Huyu dada ashike virusi, sindano atuachie sisi." Naye akacheka, akasema, "Mnicheke mnavyotaka, ila pini zisiingie midomoni tena." Washonaji wote waliichukua. Mdogo aliuacha wake mezani, akidhani anasimangwa.

Matokeo ya utafiti yalitolewa Machi 2022, bila jina la mtu. Yalionyesha kwamba katika nyumba zile kirusi kilipita zaidi kwenye vyumba vilivyofungwa, uso kwa uso, kuliko kwenye viatu na nguo. Maofisa wa afya wakapita kwenye karakana, saluni na madarasa wakihimiza madirisha yafunguliwe. Dirisha la karakana ya mdogo wake, lililokuwa limepigiwa misumari kwa sababu ya vumbi, likafunguliwa. Hakuna pale karakanani aliyejua kwamba nyumba namba 147 ilikuwa na mkono katika habari hiyo.

Februari 2024 marehemu alianza kuumwa mgongo, na macho yakawa ya manjano. Kwa kuwa alikuwa mtu wa maabara, alisoma majibu yake kabla ya daktari kupata pa kuanzia. Ilikuwa saratani ya kongosho. Alimwambia daktari, "Usihangaike kutafuta maneno, kaka. Niambie tarehe za matibabu." Alilazwa mwezi wa Juni, kitanda namba sita, karibu na dirisha. Glasi yake aliiandika, na mto wake, na mgonjwa wa kitanda cha tano naye akaomba aandikiwe.

Mdogo wake alikuwa na zamu ya mchana. Alikuwa akihesabu pumzi za dada yake kama ambavyo huhesabu za wanawe wakiwa na homa. Alhamisi, tarehe 20 Juni, akimkata kucha, aliuliza bila kuinua macho.

"Dada, baada ya utafiti wenu wote ule, mlithibitisha kuwa ni wewe uliyempa mama?"

"Fomu yako inasema hutaki kuambiwa."

"Sikuulizi habari zangu. Nakuuliza zako."

Marehemu akautazama mkono wake. "Basi endelea kukata kucha."

Mdogo alikimaliza kidole kimoja, akaelewa kwamba kama jibu lingekuwa ndiyo, fomu yake mwenyewe isingelizuia, akauweka mkasi. Alikwenda nyumbani, hakuonekana siku tatu. Jumatatu alirudi na kalamu.

"Ile fomu, mtu anaweza kubadili jibu?"

"Siku yoyote. Ukurasa wa pili. Nilikuambia."

"Nataka kubadili."

"Fikiri kwanza."

"Nimefikiri, dada. Jana nimeshona suruali ina miguu miwili ya kushoto."

Marehemu alicheka hadi muuguzi akaja kuangalia. Kisha akasema, "Chukua karatasi. Jina, tarehe, saa. Bila saa ni takataka." Mdogo akaandika: ndiyo, tarehe 24 Juni 2024, saa saba na dakika kumi mchana. Ndipo dada yake akamweleza.

Watu wa maabara walipimwa kila siku ya tatu. Marehemu alipimwa tarehe 4, tarehe 7 na tarehe 10 Julai, na hakuwa nacho. Alikutwa nacho tarehe 13, baada ya mama, na kilitoka kwa mama. Cha mama kilikuwa ndugu wa kile cha mdogo, na cha mdogo kilikuwa ndugu wa kile cha washonaji wawili waliokaa naye meza moja, waliopimwa nao kwa ajili ya utafiti; hao walianza kukohoa tarehe mosi Julai wakasema ni vumbi la vitambaa. Pale karakanani walikuwa wakishona barakoa za watu tangu asubuhi, lakini mshonaji hushika pini kwa midomo, na midomo yenye pini haivai barakoa. Jumapili, tarehe 5 Julai, mdogo alikwenda kumpima mama lile gauni la bluu. Alipiga magoti, akasimama, akamrekebisha mabega, uso kwa uso, pini midomoni, barakoa imeshuka kidevuni.

"Kwa hiyo nilimuua mama."

"Ulikuwa unampima mama gauni. Hilo ndilo ulilofanya. Mengine yalifanywa na kirusi."

"Mbona uliniacha nikuseme miaka yote hii?"

"Fomu ni fomu. Ningejitetea kwa vipimo vyangu, watu wangeuliza nani mwingine aliingia chumbani." Akamgeukia. "Halafu wewe ulishindwa kunywa maji siku mbili kwa sababu ya tone la dimbwi. Ningekupa na hilo ulibebe?"

Mdogo akasema atawaambia watu wote. Marehemu akamjibu, "Ngoja nisiwepo. Nikiwepo nitakukatiza nikurekebishe tarehe." Kutoka siku hiyo hadi mwisho walikula sahani moja, kitanda namba sita.

Marehemu aliaga dunia Jumapili, tarehe 11 Agosti 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Mumewe alikuwa amemshika mkono, na dirisha lilikuwa wazi.

Kwa hiyo imeandikwa hapa, na tarehe zake, isije ikawa takataka: Mama yetu hakuambukizwa na binti yake mkubwa. Ugonjwa ulifika kwake tarehe 5 Julai 2020, kupitia kwa binti yake mdogo, mshonaji, ambaye hakujua, na aliyejua akanyamaza kwa ajili yake. Aliyewahi kuvuka barabara leo avuke arudi. Mto wa pini ulioachwa mezani uko mkononi mwa mwenyewe, wenye umbo la kiazi, na unashika pini vizuri.

Marehemu ameacha mume, fundi wa majokofu; binti, ambaye ni mwalimu; kijana, anayesomea kazi ya baba yake; mdogo wake mmoja na shemeji yake; watoto watatu wa mdogo wake, ambao walimwita mama mkubwa; wenzake wa maabara; na washonaji kumi na mmoja.

Apumzike kwa amani, na jina lake lipumzike pamoja naye.