Mama Tetemeko na Mji Uliokataa Kutulia

Tarehe thelathini Juni mwaka huu, Mkuu wa Kitengo cha Mitetemo ya Ardhi anastaafu baada ya kuitumikia ofisi hii kwa miaka thelathini na mmoja. Kwenye barua ana cheo kirefu. Kwenye korido anaitwa Mama Tetemeko, na huitika bila kinyongo.

Alipoajiriwa, kitengo kilikuwa chumba kimoja jirani na stoo ya rangi. Sisi tuko katikati ya bara, mbali sana na kingo ambako mabamba makubwa ya ardhi husukumana, na vitabu vya wakati ule vilisema ardhi ya huku imelala. Wenzake wa idara nyingine walimtania kwamba ni mlinzi wa nyumba isiyo na mwizi. Binti yake, alipoulizwa darasani mama yake anafanya kazi gani, alijibu kwamba mama anasubiri.

Lakini kusubiri kwake hakukuwa kukaa. Mwaka mmoja mashine yetu ya kupimia mitetemo, iliyochimbiwa kilimani, ilianza kuonyesha mtikisiko kila Jumapili asubuhi. Sisi mafundi tulitaka kuifungua tuitengeneze. Yeye alipanda kilima, akakaa kutwa nzima, akagundua kwamba vijana wa mpira walikuwa wakifanya mazoezi nyuma ya uzio. Aliwaomba wahamishe goli, kisha akabaki kutazama mechi mpaka mwisho.

Kazi iliyomtambulisha kwa umma ilianza miaka saba iliyopita, pale mji mdogo wa uwandani, usio na mlima wala bonde la maana, ulipoanza kutikisika. Mwanzoni vikombe viligongana kabatini. Baadaye kuta zikapata nyufa. Wenyeji hawakuhitaji mtaalamu wa kuwaambia mchawi ni nani: kando ya mji kuna machimbo ya kokoto, na machimbo hulipua baruti. Wakamtaka mkuu wa mji ayafunge. Tatizo ni kwamba nusu ya mji ilikula kutokana na machimbo hayo, na nusu nyingine ndiyo iliyokuwa na nyufa.

Tulikwenda naye, tukachimbia mashine sehemu nne, mojawapo katika banda la kuku, ambayo ilituletea habari nyingi zisizohusu ardhi. Wakati sisi tunahangaika na nyaya, yeye alikuwa akipita nyumba kwa nyumba. Alitaka kujua kama kishindo kilitangulia au mtikiso, na vyombo vilianguka upande gani. Fundi cherehani mmoja alimweleza jinsi mkasi wake ulivyotembea wenyewe hadi ukingoni mwa meza. Alimwomba auweke tena pale pale ulipoanzia, akachuchumaa kuupima.

Msimamizi wa machimbo, mwanamume mrefu aliyefiwa na mkewe na asiyependa maneno mengi, alimpokea akiwa amesimama mlangoni.

"Umekuja kutufunga?"

"Nimekuja kuuliza," Mama Tetemeko akajibu. "Ukinijibu vizuri nitaondoka mapema."

Alimwomba asimamishe baruti kwa majuma mawili. Mistari ya mashine ilikuwa imeshamwonyesha tofauti kati ya mlipuko na tetemeko, lakini alijua mtu aliyemwagikiwa vumbi la dari kwenye chungu hatulizwi kwa mistari.

"Nikinyamaza na ardhi ikanyamaza, nimekwisha," msimamizi akasema.

"Ni kweli. Na isiponyamaza?"

Yule bwana akawaambia watu wake waweke vifaa chini.

Juma la kwanza lilipita kimya, na mjini watu wakaanza kupeana mikono. Wafanyakazi wa machimbo walikaa vivulini wakitazama mawe kana kwamba ni mgonjwa mahututi. Juma la pili, siku ambayo mkuu wa mji alikuja na wananchi kushuhudia, ardhi iliguna chini ya miguu yetu na rundo la kokoto likaporomoka lenyewe mbele ya macho ya wote. Hakuna aliyekuwa amegusa kitu. Msimamizi alikaa juu ya jiwe.

"Sijawahi kufurahia balaa," akasema, "ila leo nimefurahi."

"Usifurahi sana," Mama Tetemeko akamwambia. "Sasa tumebaki na swali."

Na swali hilo ndilo alilolipenda. Mashine zilionyesha kwamba mitetemo ilijipanga kwenye mstari mmoja chini ya mji, kilomita kadhaa kwenda chini, mahali ambapo mwamba ulipasuka zamani za kale, kabla ya mtu yeyote kuwapo wa kuogopa. Bara zima hubanwa polepole kutoka kingoni, na ufa wa kale ukichoka kubanwa, huteleza kidogo. Kwa nini ufa huu, na kwa nini sasa, hakuna aliyeweza kusema.

Mkuu wa mji alitaka kitu kifupi zaidi. Alimwomba atangaze redioni kwamba mambo yamekwisha. Makao makuu nayo yakapiga simu kumshauri atumie lugha ya kutuliza. Alikwenda redioni, akasema: "Sijui kama kubwa linakuja au limeshapita. Atakayewaambia anajua, mwulizeni amejuaje. Ninachojua ni kwamba ardhi ikitikisika, kinachoua ni kile kinachomwangukia mtu. Basi tutazame vinavyoweza kuanguka." Wapo waliomkasirikia mpaka leo.

Alizunguka mji na msimamizi wa machimbo, maana yule bwana aliyajua mawe na matofali kuliko sisi sote. Walisimama muda mrefu mbele ya wodi ya wazazi: jengo la zamani, lenye ukuta mrefu wa matofali uliosimama peke yake, bila kufungwa kwenye paa. Matroni hakutaka kuhama.

"Nikiwahamisha akina mama na lisitokee lolote, nitachekwa."

"Tutachekwa pamoja," Mama Tetemeko akamwambia.

Wodi ikahamia ukumbi wa mikutano, wenye nguzo za chuma na paa la bati. Kweli walichekwa, tena kwa miezi. Watoto waliozaliwa humo waliitwa wajumbe, na akina baba waliulizana sokoni kama kikao kimefunguliwa.

Tetemeko kubwa lilikuja alasiri moja, baada ya chakula. Ukumbini taa zilibembea na watoto wakalia. Kwenye wodi ya zamani ukuta wote uliangukia ndani, ukafunika sakafu vilipokuwa vitanda. Matroni alikwenda kuangalia, akarudi, akapiga simu ofisini kwetu. Mama Tetemeko aliweka simu ya mezani kwenye spika ili sote tusikie. Matroni akasema, "Wajumbe wote wapo." Mama Tetemeko alituomba tutoke nje kidogo, akafunga mlango.

Watu walipoanza kumwita nabii, aliwakatalia. Alisema tetemeko lingeweza kabisa lisije, na bado kuhama kungekuwa sahihi, kwa sababu aliyeutazama ukuta hakuhitaji kuitazama kesho. Baada ya hapo kitengo kilipata mashine katika kila pembe ya nchi, na mafundi ujenzi wa mji ule sasa hufunga kuta kwenye paa bila kuambiwa.

Msimamizi wa machimbo alikuja ofisini kutoa shukrani. Akaja tena, na safari ya tatu hakuna aliyemwuliza amefuata nini. Waliooana ni wao. Waliocheka kwa furaha ni sisi. Sasa wanahamia mji ule ule, kwenye nyumba aliyoijenga mume kwa mikono yake. Ofisi ilitaka kumpa saa ya ukutani. Ameomba badala yake mashine ya zamani iliyoondolewa kazini, aichimbie nyuma ya jiko, kwani ufa haujampa jibu na yeye hajachoka kuuliza. Mume ameridhia, mradi isiingizwe chumbani.

Mama Tetemeko, asante kwa kutufundisha kusema "sijui" kwa sauti isiyotetemeka. Tunakuombea afya, majirani wema, na siku ndefu za maswali mazuri.