Mlio wa Stendi

Sogeeni wanangu, kaeni hapa kitandani, na wewe mama yao niinulie mto kidogo, maana pumzi zangu leo ni za kuokoteza na sitaki kurudia neno.

Gereji namwachia huyu binti. Ndiyo, umesikia vizuri, wewe kaka yake, kifungua mimba wangu, na usinune kabla sijamaliza. Kwa ufundi umenishinda hata mimi. Giaboksi ya lori unaishusha wenzako bado wanatafuta spana, madereva wamekubandika jina la Chapchap, nalo limekulevya. Mdogo wako wanamwita Mama Polepole, wanamcheka, kwa sababu haingii chini ya gari mpaka magurudumu yamezuiwa na stendi, vile vyuma vya kulishikilia gari, zimekaa. Wacha wacheke. Waliosema haraka haraka haina baraka hawakuwahi kulala chini ya lori, la sivyo wangesema maneno makali zaidi.

Juzi nimelala hapa, dirisha wazi, nikasikia jeki inapanda huko uani. Nikangoja mlio wa stendi, kile chuma kikigonga sakafu. Haukuja. Nikasikia mluzi wako, tena unatokea chini ya gari. Yarabi! Nataka kuita, sauti imegoma. Nikagonga ukuta kwa kikombe mpaka kikavunjika, ndipo mdogo wako akatoka mbio kukuvuta miguu, nawe ukacheka, eti, “Dakika tano tu, Mzee.” Niliogopa, mwanangu. Kifo changu mwenyewe hakijanitisha hivyo. Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kuaminiwa roho, ikichoka haiagi.

Basi utafanya kazi chini ya mdogo wako, na akisema toka, utoke, bila kuleta habari za nani mkubwa. Nawe binti, usimvunjie kaka yako heshima mbele ya wateja. Mkatalie kwa adabu, lakini mkatalie. Spana zangu gawaneni. Mkizigombania mtanitia aibu huko niendako.

Nimechoka... Maji, kidogo tu. Basi. Mungu awape mikono mizima na riziki isiyo na damu.

Chapchap, lete sikio. Mimi utanizika, hilo halina neno, mtoto humzika mzazi. Na mama yako huyu... naye umzike wewe. Asije yeye... akakuzika wewe. Niahidi. Sema kwa nguvu, mwanangu, sikusikii.