Mzee Steki na Kikopo Kisicho na Jina

Ndugu waombolezaji, mimi ni mke wa mwana wa mwisho wa marehemu, nasoma wasifu huu kwa sababu mume wangu alijaribu jana akashindwa mstari wa kwanza.

Baba yetu, ambaye sokoni aliitwa Steki, alizaliwa tarehe 4 Machi 1948, akasoma shule ya msingi hadi 1962, kisha akaingia buchani kwa baba yake, akazeekea humo, akimwongezea kipande cha nyama kila mama mwenye mtoto mgongoni na kudai kisu kimeteleza. Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 12 Juni 1971, wakajaliwa watoto wanne.

Mei 2013 muuguzi alikuja sokoni, akaeleza kwamba katika utafiti mmoja mkubwa, waliopimwa choo mapema hawakufa sana kwa saratani ya utumbo kama wasiopimwa, akagawa vikopo vya kuwekea choo. Baba, aliyeosha matumbo ya ng'ombe maisha yake yote, aliona haya kwa kikopo kimoja, akauliza waliopimwa ni watu gani, akaambiwa wengi walijitolea wenyewe, wale wa kula mboga na kukimbilia hospitali wakipiga chafya.

"Mwanangu, umeonja mchuzi wa mbuzi, sasa unausifia wa ng'ombe. Hayo majibu si ya watu kama sisi."

Muuguzi alikiri kwamba hilo hata yeye hana hakika nalo, akamsogezea kikopo.

"Ndiyo maana nimekuja kwa ng'ombe, baba."

Soko zima lilicheka, naye, akiwa amebanwa na hoja yake mwenyewe, alikipeleka zahanati Jumatatu kikiwa ndani ya magazeti matatu, akakitua mezani akatoroka bila kuandika jina, ikabidi muuguzi apite bucha kwa bucha akiuliza ni cha nani, wote wakakana, yeye akikana kwa sauti kuliko wote, mpaka mama alipomtaja.

Uvimbe ulikutwa ungali mdogo, akapasuliwa tarehe 19 Agosti 2013, na tangu hapo hukupata nusu kilo kwake kabla hajakuuliza kama umepima.

Mimi niliolewa 2016, wanangu wawili wakazaliwa 2017 na 2020, na kabla ya kuwabeba alinawa kwa sabuni mpaka viwikoni, wao wakadhani babu wote hunukia sabuni.

Alifariki tarehe 8 Februari 2024, kwa moyo, si kwa utumbo, akiwa amelala baada ya chakula cha mchana.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliotuletea viti na maji, wauza nyama waliofunga bucha zao leo, na muuguzi wetu aliyekaa pale nyuma, ambaye juzi aliniambia bado hathubutu kusema majibu yale yatamfaa kila mtu. Sisi tunajua ya kwetu tu, kwamba tuliongezewa miaka kumi, na wanangu wanaijua sauti ya babu yao. Kisu kiliteleza, baba. Pumzika kwa amani.