Boriti Nne za Chekechea

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Shavu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha kupasua mbao, akiwa mtoto wa tatu wa mpasua magogo na mshonaji.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972, akajifunza useremala kwa mjomba wake, na huko ndiko alikopewa jina lake, kwa kuwa kila ubao aliuweka shavuni kabla ya kuukata, akasema huu umekauka, huu bado unalia, na baada ya kufunga ndoa na mama yetu, tarehe 13 Juni 1981, wenzake walimtania kwamba mbao anazibusu kuliko mkewe, jambo ambalo mama, aliyemzalia watoto watatu, hajawahi kulikanusha.

Kwa muda mrefu alijenga kwa mbao nzito za miti ya asili, hadi mwaka 2004 alipokosa hata gogo moja nene, akasema miti tumeimaliza sisi wenyewe, akaanza kubandika mbao nyembamba za misonobari ya kupandwa, tabaka juu ya tabaka, kwa gundi na vibano, mpaka zikawa boriti za mita tisa, na zahanati mbili zimesimama juu ya kazi hiyo hadi leo.

Tarehe 2 Februari 2023 alipata kiharusi, akapona mkono, akapona ulimi, ila shavu la kulia likabaki limekufa ganzi, naye hakumwambia mtu. Mwezi Mei alipokea kazi ya darasa la chekechea, akazipima mbao za boriti kumi na mbili kwa shavu hilohilo. Binti yake wa mwisho, mhandisi, anayewasomea historia hii, alichomeka kipima unyevu kwenye ubao mmoja, kikasoma asilimia ishirini na mbili badala ya kumi na mbili, akamwambia, Baba, mbao bado mbichi, naye akajibu, mwanangu, nilianza kupima kabla hujazaliwa, mafundi wakacheka, binti akanyamaza, kwa kuwa hakutaka kumwaibisha baba mbele ya watu wake.

Mwezi Novemba boriti zilianza kuachana kwenye gundi. Marehemu alipanda ngazi, ncha ya kisu ikazama kwenye ufa, akashuka, akaiambia kamati ya shule habari ya shavu lake, akafunga darasa, akashusha boriti nane na kuzitengeneza upya. Zilibaki nne, tarehe 17 Januari 2024, kiharusi cha pili kilipomkuta kazini, akafariki hospitalini tarehe 20, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitano, na maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka yalikuwa, watoto wasiingie.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, na mafundi mliofunga karakana ili mje kumzika. Wanakamati ya shule, asanteni kwa kufika, lakini tumeona nyufa zimepakwa rangi, na tumesikia mnafungua Jumatatu, tarehe 29. Tunawasihi, tunawapigia magoti, msifungue, ni boriti nne tu, mbao kavu zipo, mafundi ndio hawa. Mkifungua, binti yake atakuwa amesimama mlangoni tangu saa kumi na mbili asubuhi, akimrudisha mtoto mmoja mmoja kwa mama yake.

Pumzika, Baba, ukiweza.