Baba Yangu na Vyuma vya Lori

Asalaam aleikum nyinyi wa salaam, na nyinyi wa habari, habari zenu. Mimi si mzoefu wa kusimama mbele ya watu. Dukani kwangu hapa Isiolo nauza madera nikiwa nimekaa. Lakini sote humu ndani tumeletwa na jambo moja, kila mtu ana mzee nyumbani anayetembea kwa kushika ukuta, kwa hivyo nitaongea kama naongea na dada zangu. Nikikosea mtanirekebisha wakati wa chai.

Baba yangu, sisi kwetu tunamwita Aabo, alikuwa dereva wa malori ya mifugo, na kabla ya udereva alikuwa utingo. Mnayajua yale malori yanayotoka Oldonyiro. Ng'ombe wako chini, utingo yuko juu, anatembea kwenye vile vyuma vilivyokatiza bodi huku lori linakimbia na vumbi linampofusha. Ng'ombe akilala, utingo ashuke katikati ya pembe amwinue, la sivyo wenzake watamkanyaga. Malori hayo ndiyo yaliyotusomesha. Aabo alikuwa mtu wa mikono mikubwa, maneno machache na amri nyingi.

Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki kiharusi kilipompiga Aabo. Upande wa kushoto ukalegea, mguu ukawa wa kuburuta. Tulishukuru kwamba ulimi ulipona. Alirudi kutoka hospitali akitugombeza kama kawaida yake.

Sasa mnatujua sisi. Mtu akiugua, mtaa mzima unahamia kwake. Wanamwombea dua, wanaleta maziwa ya ngamia, wanaketi. Na hakuna anayekanyaga zulia na viatu, kwa hivyo mlangoni kukawa na mlima wa slipa na makubadhi. Naye Aabo ni mtu wa adabu za zamani, mgeni hatoki kwake bila kusindikizwa. Siku moja mzee mwenzake akaaga. Nikamwambia, "Aabo, keti tu, ataelewa."

"Ataelewa nini? Kwamba sina adabu?"

Akasimama na fimbo yake. Alipofika mlangoni fimbo ikaingia kwenye kiatu cha mtu, kiatu kikateleza, na yeye akaenda nacho. Ndugu zangu, nawaambia, baba yangu aliangushwa na dua! Waliokuja kumwombea asimame, viatu vyao ndivyo vilivyomlaza chini. Mnacheka. Hata mimi sasa nacheka, lakini siku ile nililia mpaka sauti ikakauka.

Hakuvunjika, alhamdulillahi. Ila woga ukaingia nyumba nzima. Tukaamua asisimame tena bila mtu, na mtu mwenyewe ni mimi. Kumwinua ni mimi, kumpeleka msalani ni mimi, kumtawadhisha kwa ajili ya swala ni mimi. Mgongo ukaanza kunisema. Duka likawa linafunguliwa leo, kesho limefungwa.

Halafu Aabo akaanza kunyauka. Midomo ikapasuka, macho yakaingia ndani, na kibaya zaidi, akaacha kugombeza. Ningetoa chochote anikaripie hata kwa chumvi ya mchuzi! Kaka yangu wa Nairobi akapiga simu akasema nimpeleke kwake, huko hospitali ziko karibu. Kaka anakaa gorofani juu kabisa, na hakusema kwa ubaya. Aabo alisikia, akajibu kwa sauti ya chini, "Mimi nimelala juu ya lori maisha yangu yote. Lakini lori lilikuwa linarudi Isiolo."

Nikamrudisha kwa daktari kwanza. Daktari akamvuta ngozi ya mkono, akaniangalia. "Huyu mzee hanywi maji."

Nilikasirika jamani. Hanywi vipi, na mimi nampelekea vikombe kutwa nzima? Tulipofika nyumbani nikakaa kando kumchunguza. Akaja mgeni. Nikaweka chai ya Aabo mbele yake, nikajifanya naelekea jikoni. Akaisukuma kwa mgeni. "Kunywa wewe, umetoka juani." Mgeni akabariki ukarimu ule, akanywa. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake, chai yangu yote na maziwa yote yalikuwa yanaishia kwa watu wengine.

Mgeni alipoondoka niliketi kwenye zulia miguuni pake. Nikamuuliza kwa nini. Aliugeukia ukuta ndipo akajibu.

"Nikinywa, nitaenda choo. Nikienda choo, utanibeba wewe. Na wewe ni binti yangu."

Basi.

Nilihisi baridi mwilini, na nyinyi mnalijua jua letu hapa. Mtu mzima amechagua kiu katika joto hili ili binti yake asimwone uchi. Nilidhani amechoka na dunia, kumbe alikuwa analinda heshima, yake na yangu, kwa kitu cha mwisho alichobaki nacho, yaani kufunga mdomo. Nilimheshimu nikamwogopa. Nikamuuliza, "Sasa Aabo, wewe unataka nini?"

Akainua mkono wa kulia. "Huu haujafa. Umewahi kusikia nimeanguka kutoka kwa lori?"

"Sijawahi."

"Kwa sababu kulikuwa na chuma cha kushika. Humu ndani nishike nini? Mapazia?"

Nikamwita fundi anayechomelea bodi za malori. Nikamwita na dada wa mazoezi ya viungo wa hospitali, Mmeru mpole lakini hapindishwi. Yeye alipima urefu. Akasema chuma kiwe pande zote mbili za njia ya kwenda msalani, maana mkono mzima ni mmoja, na mtu akienda lazima arudi. Akatafuta kiti imara cha kuweka msalani, akataka vishikio kulia na kushoto, akaamuru mazulia yote yakunjwe. Aabo akaketi katikati akiwatuma. "Fundi, hapo ongeza, hapo nitakata kona!" Amri zimerudi! Viatu vya wageni vikajengewa kibanda karibu na geti. Shangazi alipoona akasema nyumba imegeuka zizi. Tukamwambia ndiyo, na yeye avue viatu huko nje.

Vyuma vilipokamilika, adhana ya alasiri ikasikika. Aabo akasimama. Nikanyoosha mikono.

"Rudi nyuma."

Nikarudi. Mkono ule mkubwa ukakamata chuma, na nawaambia, nikaona kitu sijawahi kuona. Hakutembea kama mgonjwa. Alijigeuza ubavu, akaegemea kidogo, mkono hauachii mpaka mguu upate mahali pake. Alipokuwa utingo mimi sikuwa nimezaliwa. Siku hiyo nilimwona. Subhanallah! Akafika msalani, akafunga mlango. Nikasikia maji ya birika yakimwagika, anaosha mikono, anasukutua, anaosha uso. Yule dada wa mazoezi akanishika mkono akasema kwa dini yake Mungu ni mkuu, nami nikasema kwa yangu, na lilikuwa neno lile lile.

Alitoka ndevu zinadondoka maji, akaswali kwenye kiti. Alipomaliza akaita, "Binti! Chai iko wapi? Na si kwa hicho kikombe cha mgonjwa." Nilienda jikoni nikaliegemea sinki, nikalia tena, kilio kingine kabisa.

Kaka alikuja akalala kwetu, akajionea, na neno la Nairobi likaisha. Sisemi kila kitu ni sawa. Siku mbaya zipo, mguu unakataa, na siku hizo jirani yetu mwanamume huja kumsaidia. Mungu amlipe, na awalipe fundi na dada yule, na wageni wetu wote, viatu vyao nimeshavisamehe. Nilichojifunza ni hiki. Mzee akikataa kula au kunywa, usipigane naye. Keti chini umuulize anaogopa nini, kisha unyamaze mpaka ajibu.

Mama mmoja aliniuliza pale mlangoni nikiingia, mzee umemwacha na nani? Mama, nimemwacha peke yake. Nimemwacha na Mungu na chupa ya chai iliyojaa. Na nikirudi nataka kuikuta tupu.