Kijiko Kipige Hodi

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna sufuria ya uji jikoni, iepueni kwanza, msogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyegombana na watu wazima kwa ajili ya midomo ya watoto wachanga. Jina lake Zuleha binti Matano. Zuleha binti Matano, mke wa Mzee Marijani, mwenye duka la chumvi, sukari na vitambaa pale Karatu, kando ya barabara iendayo Ngorongoro. Alifariki dunia Alhamisi iliyopita, akazikwa Ijumaa baada ya sala.

Najua wapo watakaouliza: huyu alikuwa nani hasa? Hakuwa diwani. Hakuwa nesi. Shule ya serikali hakuingia hata siku moja. Kweli kabisa, na bado namtangaza, na mwenye kununa anune.

Bi Zuleha alizaliwa Kondoa. Huko Kondoa akaolewa, na huko akajifungua pacha, Kurwa na Doto, wasichana wote wawili. Doto yu hai, ni mama wa watoto wanne. Kurwa hakumaliza mwaka. Lishikeni jina hilo la Kurwa, maana nitalirudia.

Mwaka wa hamsini na tisa, Bi Zuleha na mumewe walihamia Karatu. Mwaka huohuo, kule juu Ngorongoro, zilifika familia za wafugaji waliohamishwa kutoka Serengeti. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke kijana, Naishorua. Wote wawili walikuwa wageni, mmoja dukani, mwingine bomani. Hawakujuana mpaka Agosti ya mwaka wa sitini na moja, walipokutana kwenye benchi la kliniki.

Kliniki yenyewe siitaji, wala nesi wake simtaji. Bi Zuleha alikwenda kutafuta dawa ya macho. Naishorua aliteremka na mwanawe, Naipanoi, binti wa miezi minane. Mtoto alikuwa amekonda, shingo nyembamba, macho makubwa. Ulikuwa mwaka wa ukame. Ng'ombe hawana maziwa, na titi la mama nalo limepungua. Mtoto ilimpasa aanze uji, na uji hataki. Akiona kijiko anafumba mdomo, anageuza uso, analia.

Nesi akafanya kama walivyofanya wengi, na kama wanavyofanya wengine hadi leo hii mnaponisikiliza. Alimlaza mtoto magotini, akamziba pua kwa vidole viwili. Mtoto akafungua mdomo kutafuta hewa, uji ukamiminwa. Akapaliwa, uso ukamwiva, akautapika wote.

"Tena," nesi akasema, na kuchota kijiko cha pili.

Bi Zuleha akasimama. Sauti ile ya mtoto kupaliwa alikwisha kuisikia zamani, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Nesi," akasema, "hapo unapoingia umepiga hodi?"

"Bibi, kaa chini. Wewe muuza chumvi. Mimi nina cheti."

"Cheti unacho, mwanangu, nani kakunyang'anya? Na mtoto mdomo anao. Ndio mlango wake huo. Kijiko kipige hodi!"

Benchi zima likaangua kicheko. Nesi hakucheka. Alimwambia Naishorua amrudishe mtoto baada ya siku kumi na nne. Asipoongezeka uzito, atapelekwa hospitali ya mbali, akalishwe kwa mpira wa puani, na mama atabaki nje ya geti. Siku kumi na nne, wasikilizaji. Kumi na nne tu.

Bi Zuleha alimshika Naishorua mkono, wakaenda nyumbani kwake, akae naye siku hizo zote. Mzee Marijani alipowaona wanapita uani, akashika kiuno.

"Mama Doto, nchi nzima inangoja Uhuru Desemba, wewe unampigania mtoto wa titi?"

"Huyu ndiye wa kuanza naye, Baba Doto."

Sheria ya uani ilikuwa moja. Ncha ya kijiko iguse mdomo wa chini wa mtoto, useme hodi, kisha ungoje. Akifungua, amekukaribisha. Asipofungua, hodi ya pili. Asipofungua, hodi ya tatu. Baada ya hapo bakuli linaondoka, bila kufoka wala kununa, na mtoto anapewa titi. Ndivyo anavyofanya mgeni mwenye adabu. Hodi tatu, kimya, unarudi ulikotoka.

Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Mtoto alipewa kijiko kitupu akichezee, akakitupa mpaka kwenye kuku. Siku ya tatu Naishorua akashindwa kujizuia, machozi yakamtoka.

"Yeyo," akasema, na hilo ndilo neno la Kimasai la mama, "sisi napiga hodi tu, na toto nakufa."

Hapa nawaletea maneno ya Doto mwenyewe, kama alivyonieleza.

"Mimi nilikuwa mlangoni napepeta mchele. Nina miaka ishirini na tisa, na sikuwahi kuambiwa pacha wangu alikufaje. Mama akamwambia Naishorua: 'Mimi nilimziba pua mwanangu Kurwa. Si nesi, si mkwe. Mimi, kwa mkono huu. Uji ukapita njia ya pumzi, na wiki haikwisha nikamzika. Naogopa kama wewe unavyoogopa. Lakini huyu hatumzibi.' Halafu akaokota kijiko, akakisuuza, akasema, 'Haya, tuendelee.'"

Wakaendelea, wasikilizaji. Kufika siku ya sita Naipanoi hakukiogopa tena kijiko. Alikitafuna, alikigonga chini, alikipaka uji usoni mwa mamaye. Lakini akiulamba ule uji, anakunja uso na kufunga mdomo. Na hapa sifichi, kosa lilikuwa la Bi Zuleha. Alijivunia sana uji wake wa Kondoa, uji wa sukari na iliki. Mtoto akikataa, yeye anaongeza sukari. Akikataa tena, anaongeza iliki! Naishorua alikuwa akitazama yote hayo siku zote sita, na kwa heshima ya mgeni hakusema kitu.

Siku ya saba akasema. "Yeyo, uji yako haina moshi."

Bi Zuleha hakuelewa. Naishorua akatoa kibuyu chake cha maziwa. Kwao kibuyu husafishwa kwa kaa la moto la mzeituni wa porini, na maziwa yakikaa humo yanashika harufu ya moshi. Maziwa yote aliyowahi kuonjeshwa Naipanoi yalikuwa na harufu hiyo. Ndiyo harufu ya nyumbani kwao. Uji wa iliki ulikuwa mgeni kweli kweli.

Mzee Marijani, yuleyule mnung'unikaji, alifunga duka mchana kweupe. Akaenda kwa jirani yake Tluway kuomba maziwa, kisha akazunguka mwenyewe kutafuta kijiti cha mzeituni, akarudi na miba kwenye kanzu. Naishorua akakisafisha kibuyu kwa kaa la moto, akatia maziwa, akayaacha yatulie. Akachanganya na uji mwepesi, usio na sukari wala iliki.

Kijiko kikasogea. Naipanoi akanusa, akatulia.

"Hodi," mama yake akasema, akangoja.

Mdomo ukafunguka.

"Karibuuu!" Bi Zuleha akapiga kelele, hata mteja aliyekuwa anagonga mlango wa duka akaitikia "ahsante" na kuzunguka kuingia uani.

Vilikwenda vijiko viwili. Kwa cha tatu mtoto akafunga mdomo. Naishorua alitaka kuendelea, Bi Zuleha akalitwaa bakuli. "Kafunga mlango wake. Kesho ipo."

Siku ya kumi na nne walirudi kliniki. Mizani ilionyesha nyongeza ya nusu ratili. Ni kidogo, ndiyo, lakini mtoto aliyekuwa anapungua alikuwa ameongezeka. Nesi akaitazama mizani mara mbili.

"Mlimlishaje huyu?"

"Hatukumlisha," Bi Zuleha akajibu. "Amekula."

Nesi akamwambia asimwone tena kwenye benchi lile. Jumanne iliyofuata Bi Zuleha alikuwa kwenye benchi lile. Alikaa pale kila Jumanne kwa miaka minane, akiwafundisha mama waliokuja kutoka Endabash, kutoka juu Ngorongoro, na kutoka mashambani. Si kila mtoto alihitaji hodi. Wengine walikuwa wagonjwa, na hao aliwapeleka kwa daktari yeye mwenyewe, siku hiyohiyo. Alifukuzwa mara ngapi? Doto anasema waliacha kuhesabu.

Naipanoi alikua. Alipofika umri wa kusoma alikuja kuishi kwa Bi Zuleha, aliyemwita koko, yaani bibi. Sasa anakaribia miaka tisa. Alikuwapo nyumbani Jumatano iliyopita, siku moja kabla ya msiba.

Bi Zuleha alikuwa kitandani wiki ya tatu. Daktari alikwisha kuwaambia kwamba hakuna zaidi la kufanya. Mchana ule walimletea uji, naye akafunga mdomo. Doto hanifichi kitu.

"Mimi ndiye niliyemshika taya," anasema. "Nilitaka mama aishi. Nikashika taya, nikasogeza kijiko. Naipanoi alikuwa ametoka shule, bado ana sare. Akaniambia, 'Mama mkubwa, hukupiga hodi.' Mkono wangu ukalegea wenyewe."

Mtoto akachukua kijiko, akagusa mdomo wa chini. "Hodi, koko," akasema, akangoja. "Hodi, koko." Akangoja. "Hodi, koko." Akangoja muda mrefu kuliko mwanzo, Doto anasema, na machozi yalikuwa yanamtiririka. Kisha akaliweka bakuli mbali, dirishani, akasimama kati ya kitanda na watu wazima.

"Hajasema karibu," akasema. "Mtu asiingie."

Hakuna aliyeingia. Bi Zuleha alifariki kesho yake, na hakuna aliyemlazimisha kitu.

Mkono wa pole tunampa Mzee Marijani, tunampa Doto na wanawe, tunampa Naishorua na boma lake lote, na wewe Naipanoi, mwanetu, tunakupa wa peke yako. Mungu amrehemu Zuleha binti Matano, na amkutanishe na Kurwa wake.

Wasikilizaji wapendwa, tafakarini tuliyoyasikia. Na wewe uliyebaki jikoni, mwenye mtoto magotini na bakuli mkononi, na vidole viwili vimekwisha kufika puani mwake. Nasema na wewe. Viondoe. Gusa mdomo wa chini, sema hodi, kisha ngoja.