Mlango wa Fedha Haukauki

BERNADI: Haloo, nani mwenzangu? Paza sauti, huku Liuli mtandao unakatakata.

ERASMO: Erasmo hapa, mjomba. Shikamoo.

BERNADI: Marahaba! Fundi wa Mbinga. Bado unapuliza rangi, au umerudi kwenye kahawa?

ERASMO: Napuliza. Mjomba, nina dakika tatu tu. Ile rangi ya fedha, ya kuchanganya na maji, leo ndiyo mara yangu ya kwanza –

BERNADI: Imetiririka.

ERASMO: Umejuaje?

BERNADI: Umeipiga nene, kama ile ya kuchanganya na tina niliyokufundisha.

ERASMO: Mlango wa gari ulijaa michirizi. Nikapangusa, nikarudia. Sasa una mawingu. Ukisimama mbele unang'aa, ukienda pembeni ni kijivu kama sufuria kuukuu.

BERNADI: Chembe za fedha zinaogelea humo. Maji yakichelewa kukauka, zinalala zinapotaka. Piga nyembamba, acha upepo upite –

ERASMO: Upepo utoke wapi? Bosi kaziba dirisha kwa nailoni. Malori ya makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka yanatimua vumbi hapa nje.

BERNADI: Si ufungue mlango wa gereji kidogo?

ERASMO: Kaupiga kufuli. Kwa nje. Mwenye gari anakuja saa nane, bosi kasema sitoki mpaka nimalize.

BERNADI: Kakufungia kama mbuzi? Mpigie!

ERASMO: Yuko msibani Mkumbi, hapatikani. Nitaikausha tu. Baridi ndiyo inanikwamisha, nimewasha majiko.

BERNADI: Majiko gani?

ERASMO: Ya mkaa. Mawili. [anapiga mwayo] Samahani, mjomba. Kichwa kinagonga tangu asubuhi, na miguu hii –

BERNADI: Erasmo, inuka.

ERASMO: Nimekaa kidogo tu.

BERNADI: Inuka! Chana nailoni, vunja kioo!

ERASMO: Vumbi litaingia, atanifuku –

BERNADI: Hewa ya mkaa inaua, wala huioni! Vunja, nasikiliza!

[mtandao unakwaruza, kioo kinavunjika, lori linapita]

BERNADI: Erasmo? Mwanangu?

ERASMO: [anakohoa] Dirisha lina nondo. Nimetoa pua tu.

BERNADI: Usiirudishe ndani.

ERASMO: Vumbi limetua mlango mzima, mjomba. Kazi sina tena.

BERNADI: Litue! Ita watu wa barabarani.

ERASMO: Naogopa. Na salio linaisha –

BERNADI: Ita, nikusikie!

ERASMO: Jamani! Nisaidieni! Nimefungiwa huku, jamani!

BERNADI: Nakusikia. Endelea hivyo hi –

[salio limeisha]